Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, na ninyi vijana wetu wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu,

Hesabu za mwaka atawasomea mhazini. Mimi nitasema tu kwamba ada zimesuasua, na wanaodaiwa wanajijua. Ziara za shuleni zilifanyika isipokuwa zile zilizoangukia msimu wa mvua. Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, ilifana, ingawa fulana zilichelewa kama desturi yake. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililojaza daftari letu la malalamiko kupita hata uhaba wa dawa: tunafika hospitali tukiwa na maumivu, tunajieleza, na hatusikilizwi.

Kuna kijana wetu mmoja ambaye familia yake imeniruhusu niseme habari zake bila majina. Alifikishwa mapokezi usiku wa manane, ameshika mapaja, kukaa hawezi, kusimama hawezi. Mama yake akamweleza daktari wa zamu: mtoto ana selimundu, maumivu yameanza magharibi, Panadol na diklofenaki za nyumbani hazikufua dafu, mara ya mwisho kilichomtuliza ni morfini, dawa kali ya maumivu. Ikachukuliwa damu. Majibu yakarudi: wingi wa damu (himoglobini) gramu 7 kwa desilita. Daktari akaandika aongezewe. Mama akasema 7 ndiyo damu yake ya siku zote, akafungua daftari la kliniki na kumwonyesha, ukurasa baada ya ukurasa. Akajibiwa, "Mama, udaktari umesomea wapi?" Na morfini ilipotajwa tena, muuguzi akafunga mjadala kwa maneno ambayo wengi hapa mmeshaambiwa: "Huyu ameshazoea sindano," yaani ni mraibu. Kulipambazuka hajapewa dawa ya maana.

Yule mama alikuwa sahihi. Wengi wenye selimundu huishi na damu kati ya 6 na 9. Kumwongezea damu mtu ambaye yake haijashuka hakuondoi maumivu. Kunamrundikia madini ya chuma mwilini, na kunaweza kuufanya mwili uanze kukataa damu za watu, hata siku anayoihitaji kweli apate tabu kumpata mtu mwenye damu ya kumfaa. Maumivu yenyewe hayapimiki maabara. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwa hakika kwamba chembe zilizopinda zimeziba, au hazijaziba, mishipa midogo ya mifupa ya mtu. Daktari ana maneno ya mgonjwa, na akiyatupa hayo, anatibu karatasi ya maabara.

Halafu kuna hili ambalo vijana wameniambia wenyewe. Aliyekua na maumivu tangu utotoni hapigi kelele. Atachezea simu, atapiga soga na wa kitanda cha jirani, kusudi ajisahaulishe. Anayepita akimwona hivyo anaandika kwenye faili "mgonjwa ametulia". Kwa hiyo baadhi yao siku hizi wanalia kwa makusudi ili wahudumiwe, na wakilia wanaambiwa wanaigiza. Sasa wafanyeje?

Msidhani ni umaskini wetu peke yake. Huko Uingereza mwongozo wa mwaka 2012 unataka mwenye maumivu ya selimundu apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Hata hivyo mwaka 2019 kijana wa miaka 21, Evan Nathan Smith, akiwa kitandani hospitalini jijini London, alipiga simu ya dharura 999 kuomba oksijeni kwa sababu wodini hakusikilizwa. Alifariki. Novemba 2021 wabunge wa huko walitoa ripoti kuhusu huduma kwa wenye selimundu, na jina walilolipa maana yake ni "Hakuna Anayesikiliza".

Madaktari nao wana yao. Mmoja anahudumia foleni iliyotoka hadi nje kwenye mabenchi, na vituo vingi vidogo havina morfini hata kama angetaka kuitoa. Hilo nalikubali. Ila kusoma daftari la kliniki aliloletewa mkononi hakuhitaji bajeti. Watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walipima mwaka 1984 wakakuta mgonjwa hukatishwa na daktari baada ya wastani wa sekunde 18. Kwetu sekunde 18 zinaishia kwenye salamu!

Kamati tendaji inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, kila mwanachama awe na kadi ya maumivu iliyosainiwa na daktari wake wa kliniki: damu yake ya kawaida, dawa zinazomfaa na dozi zake, mzio, na namba ya simu ya kliniki. Neno la mama linapuuzwa. Saini na mhuri wa daktari mwenzao huenda vikaheshimiwa. Inaudhi, lakini tuanzie hapo. Pili, tugombee nafasi za wananchi kwenye kamati za usimamizi wa vituo vya afya. Sanduku la maoni tumelijaza miaka yote, na ufunguo wake sijui anao nani.

Malalamiko mazito zaidi tutasaidiana kuyaandika na kuyafikisha Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye lake aje na tarehe, saa, na nakala ya karatasi alizopewa. Hasira peke yake hatutaweza kuipeleka.

Gharama ya kuchapa kadi imo kwenye makisio atakayosoma mhazini. Tutapiga kura baada ya chai.