Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kamati ilikutana mara 6, kitalu kilipandwa, pampu ikatengenezwa, mafunzo ya mboji yakafanyika. Hayo mnayajua. Mafunzoni mlikuja 9 kati ya wanachama 68. Ada wamelipa 27. Wenye maneno mengi, daftari linaonyesha, wamo katika wale 41.

Sasa niingie kwenye lililotugombanisha: uamuzi wa kusitisha kupiga dawa kabichi zote za shamba la pamoja. Imesemwa mwenyekiti anafuga viwavi.

Aliyelalamika aliangalia kabichi tano za ukingoni, akakuta viwavi tele, akatangaza shamba limekwisha. Mimi mwenyewe, katibu akiandika, nililikata shamba kwa mwendo wa kupinda kutoka pembe hadi pembe, nikageuza majani ya kabichi 20. Kabichi 12 hazikuwa na kitu. Tano zilikuwa na kiwavi mmoja mmoja, mbili wanne wanne, na moja peke yake viwavi 17! Jumla 30, wastani 1.5, na wastani huo hamtaukuta kwenye kabichi yoyote. Viwavi hawa ni wa nondo mgongo-almasi, nao hawasambai sawasawa, hukaa kwa mafungu. Akianguliwa, kiwavi hana safari ndefu: kwanza hujichimbia ndani ya jani, baadaye hula upande wa chini. Ukimgusa hujinyonganyonga kinyumenyume, akaning'inia kwa uzi wake, kisha akapanda tena.

Kwa hiyo ukingo haukuwa ushahidi, na haungekuwa hata kama ungekutwa safi. Tena nondo huyu ndiye mdudu wa mazao wa kwanza kuripotiwa kuizoea dawa ya wadudu ya DDT isimuue tena, huko Java, Indonesia, mwaka 1953. Dawa za ovyo huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na kuwamaliza, na hao hawatudai posho.

Nakiri hesabu ya pili ilichelewa wiki mbili, na matuta matatu ya pembe ya chini yakaliwa hadi mishipa. Lawama nimeibeba mimi, ingawa orodha ya zamu ingali ukutani na majina ya ambao hawakutokea yanasomeka vizuri.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuhesabu kila wiki na pengine kupata lenzi za mkono, ada zikiingia. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Hataondoka mpaka kikao kifungwe.