Mdogo wangu wa Syracuse, wale hawakuwa watu wa kutangatanga

Mdogo wangu,

Simu hupokei, kwa hiyo naandika hapa, asome anayesoma. Siku ya arobaini ya mama ulisema, wajomba wote wakikusikiliza, kwamba Wairokwoi, yale mataifa ya wenyeji wa asili wa New York, walikuwa watangaji tu, na nchi ile waliiangukia kama bahati. Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo. Wewe unalala Syracuse, katikati kabisa ya nchi ya Waonondaga, taifa mojawapo la Wairokwoi, na wenyewe bado wako kusini mwa huo mji wako.

Anza na mahindi, maana ndiyo yaliyochagua mahali. Walilima yale magumu ya mistari minane, yanayotaka kama siku 120 bila jalidi, ile baridi inayogandisha umande. Ukipanda milima ya Adirondack siku hizo hazitimii. Kusini mwa Ziwa Ontario, na kandokando ya yale maziwa marefu membamba, zinavuka 150. Kinachofanya hivyo ni maji. Ziwa Seneca, mojawapo ya hayo membamba, lina kina cha mita 188 na ni nadra kuganda; joto lililolimbika kiangazi hulitoa taratibu msimu wa vuli, na jalidi ya kwanza huchelewa. Chini ya miguu yako barafu kuu ya zamani ilisaga mawe ya chokaa ikaacha udongo mnene, usio na tindikali kali kama ule wa vilima vya kusini zaidi.

Hewa baridi nayo hutiririka kama maji, ikatuama bondeni. Ndiyo maana, na kwa ajili ya ulinzi pia, vijiji vyao vingi vya zamani vilikaa juu ya mwinuko, karibu na chemchemi, vikizungushiwa boma la magogo. Walipanda kwenye matuta ya duara, yakipishana kama mita moja. Tuta huwahi kupata joto na halituamishi maji. Punje chache za mahindi kwanza; yakifika shubiri moja, maharage; maboga yakatambaa katikati. Maharage yakiwahi huyanyonga mahindi, yakichelewa hukosa jua. Wewe mwenyewe ulifukia vyote siku moja ukaniambia ardhi ile haifai.

Halafu njia. Chukua ramani uitazame vizuri, mdogo wangu. Kutoka nchi ile maji yanashuka kila upande: Mohawk unaingia Hudson hadi bahari, Susquehanna unakwenda kusini hadi Chesapeake, Genesee unaingia Ziwa Ontario, Allegheny unaingia Ohio na mwisho Mississippi. Bonde la Mohawk linapita mahali ambapo milima imekatika. Pale ulipo mji wa Rome, mtu alibeba mtumbwi begani kilomita chache tu, akaushusha kwenye kijito kinachokwenda Ziwa Oneida, na mbele yake yakafunguka Maziwa Makuu. Mfereji wa Erie, uliokamilika 1825, ulifuata pengo hilohilo. Kati ya mataifa yao, Wamohawk walilinda mlango wa mashariki, Waseneca wa magharibi, Waonondaga wakatunza moto wa baraza katikati. Nchi nzima ilihesabiwa kuwa nyumba moja ndefu, na wenyewe hujiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu.

Najua kosa lako lilikotoka. Umesikia kwamba walihama. Ndiyo, kijiji kilihama kila miaka 10 hadi 20 hivi: kuni zimekuwa mbali, shamba limechoka, wadudu wamezidi, nguzo zimeoza ardhini. Lakini mara nyingi kilihamia kilomita chache tu, ndani ya nchi ileile. Huko ni kupumzisha shamba. Na nyumba mpya si kazi ya siku mbili; magome ya mti wa elmu hubanduliwa wakati utomvu unapanda, yakawekwa uzito yanyooke, ndipo yaezekwe. Nyumba na mashamba vilikuwa mikononi mwa wanawake. Mtangaji gani huyo?

Kama bado hunisadiki, waulize waliowachukia. Tarehe 31 Mei 1779 George Washington, mkuu wa jeshi la Marekani katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, alimwandikia jenerali wake John Sullivan kwamba ni lazima mazao yaliyo shambani yaharibiwe na watu wazuiwe kupanda tena. Huwezi kumpiga mtangaji kwa kuchoma shamba. Jeshi liliingia mazao yakiwa yamekomaa. Katikati ya Septemba lilifika mji mkubwa wa Waseneca kwenye bonde la Genesee, nyumba 128. Askari wakavunja mahindi, wakayarundika ndani ya nyumba zilezile, wakatia moto. Miti ya matunda nayo ikakatwa. Sullivan aliripoti kwamba ameangamiza miji 40 na busheli 160,000 za mahindi. Busheli moja haipungui sana debe mbili. Maelfu ya Wairokwoi walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuua. Sitaki kulisahau lile rundo la mahindi linaloungua ndani ya nyumba ya aliyelilima. Baadhi ya askari waliouona udongo ule walirudi baada ya vita, wakakaa.

Basi nilipokukatiza mbele ya wajomba sikukudhalilisha. Mkubwa akinyamaza kwenye uongo ameusaini. Huenda sauti yangu ilipanda; hilo nakubali. Lakini jambo lenyewe silirudishi nyuma.

Mwaka huu usipande kule bondeni nyuma ya nyumba. Panda pale mtelemkoni, majani ya mwaloni yakiwa makubwa kama sikio la kindi. Mahindi kwanza. Shubiri moja. Ndipo maharage.

Na simu yako iwashe, baba anakuulizia.