Yah: Malalamiko kuhusu pikipiki Yamaha DT 125 mliyoniuzia ikiwa imezibwa mpira wa oili

Kwa: Meneja Mkuu,
Yadi ya pikipiki zilizotumika,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo na biashara ni njema. Siku niliyokuja yadini kwenu ilionekana njema kweli. Wateja walijaa mpaka kwenye benchi la nje, na wote walinisikia nikidhalilishwa.

Mimi ni yule mama aliyekuja na pistoni iliyofungwa kwenye gazeti. Sidhani kama mnahitaji namba ya risiti ili kunikumbuka. Hiyo risiti yenyewe nitaifikia, maana nayo ina mambo yake.

Taratibu zenu mnazijua. Mmezitundika pale mapokezi, ndani ya fremu ya kioo, pamoja na ile dhamana ya injini. Sitazirudia. Naomba tu mmoja wenu ainuke kwenye kiti akazisome.

Ombi langu ni dogo. Mnifungie slivu mpya, yaani ganda la ndani, kwenye silinda, pistoni na ringi za saizi ya kwanza, na pampu ya oili irudi kazini, gharama zote zikiwa juu yenu. Mkifanya hivyo tumemalizana.

Sasa nieleze fundi alichokikuta baada ya injini kukwama nikiwa njiani, kwa kuwa meneja wenu wa karakana hakuniacha nimalize hata sentensi moja. Kichwa cha silinda kilipofunguliwa hapa Morogoro, juu ya pistoni kulikuwa na tarakimu zimegongwa: 100. Ninyi ni wauza pikipiki, mnajua maana yake, ila kwa kuwa yule bwana alijifanya hajui, naiandika. Silinda ya DT 125 hii ya kupozwa kwa hewa huanza na kipenyo cha milimita 56. Ikilika inachongwa, inawekewa pistoni iliyozidi kwa robo milimita, na hivyo hivyo kila inapolika tena: 25, 50, 75, na mwisho 100, yaani milimita nzima. Baada ya hapo kwa kawaida hakuna pistoni nyingine ya kufuata. Injini ambayo kijana wenu wa mauzo aliniapia kuwa haijawahi kufunguliwa ilikuwa imeshafika mwisho wa kuchongwa.

Hilo ningelimeza. Pikipiki ya mtumba ni ya mtumba, na silinda ikichongwa na mtu anayejua kazi, hata hiyo ya 100 inatembea muda mrefu. Nisichoweza kulimeza ni ule mpira. Fundi alipovua kifuniko cha pampu alikuta mpira unaotoka kwenye tanki la oili umekatwa, umezibwa kwa skrubu ya mbao, na kukazwa kwa waya wa bainding. Tanki la oili lilikuwa limejaa pomoni, vilevile lilivyotoka Dar es Salaam. Halikupungua hata tone kwa sababu mliifunga njia ya kupungulia.

Mlijua. Injini ya mapigo mawili haikai na oili chini kwenye krenki kama hizi za bodaboda. Inalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli: ama uchanganye mwenyewe tangini, ama pampu ikufanyie kazi hiyo. Yamaha wanauza mfumo huo wa pampu, Autolube, tangu miaka ya 1960, si kitu kigeni kwa fundi yeyote wa DT. Aliyeziba ule mpira ilimlazimu kuchanganya petroli na oili ya 2T kwa mkono ili pikipiki isife mikononi mwenu kabla haijapata mnunuzi. Ule moshi nilioonyeshwa ukitoka kwenye ekzosi kama ushahidi kwamba oili inafika ulikuwa wa mchanganyiko wenu. Na kijana wa mauzo akaniambia hivi, nayakumbuka maneno yake: "Mama, we weka petroli tu. Oili iko kwenye tanki lake, pampu inajifanyia yenyewe."

Petroli tu. Nikafanya kama nilivyoambiwa na kampuni yenu.

Nikaja kwenu kistaarabu. Nilitoka Morogoro na basi la alfajiri, pistoni na mpira vikiwa kwenye mkoba. Sikupiga kelele mapokezi, nilisalimia, nikasubiri, nikaelekezwa karakana. Meneja wenu wa karakana alikuwa anakunywa chai. Nikafungua gazeti mezani kwake. Akaishika pistoni kwa vidole viwili, akaiinua juu watu wote waione, akasema: "Mama, hii umeitoa kwenye jiko la nani?" Wakacheka. Nikaanza kueleza habari ya pampu, akanikata kauli: "Nenda kamwambie mzee aje. Sisi wanaume tutaelewana." Kisha akairudisha pistoni kwa kuiviringisha juu ya meza kama gololi. Ikaanguka sakafuni. Niliyeinama kuiokota ni mimi.

Ndugu Meneja, huyo mzee anayetakiwa ni fundi cherehani. Hajawahi kupiga kiki maishani mwake, na hana mpango. Mimi nilikuwa bibi shamba. DT ya kwanza nilikabidhiwa na mwajiri wangu, serikali, mwaka 1991, na miaka ile ndiyo iliyokuwa pikipiki ya watu wa kilimo, wa afya na wa miradi ya maji. Nimepanda nayo Kinole, Matombo na Mgeta, masika na kiangazi, kwenye utelezi ambao gari lilikuwa linaachwa chini. Plagi ya DT ikiingia oili naijua kwa mlio. Kabureta yake nimeifungua na kuisafisha kando ya njia nikiwa nimetandaza kanga. Nimestaafu, nikataka kurudi kwenye njia zilezile kwa raha zangu, bila ripoti ya kujaza jioni. Kuna vijana hapa mjini wanapanda milima ya Uluguru kwa pikipiki mwisho wa wiki, nao walinikaribisha wenyewe. Wao wana pikipiki za mapigo manne. Mimi nilitaka DT kwa sababu ni nyepesi, ukianguka nayo unaiinua peke yako, na ukigusa mafuta inaitika papo hapo.

Haya niliwaambia siku ya kununua, tena kwa sauti. Nilisema naitaka kwa njia za milimani. Kijana wa mauzo akanijibu kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Nilipoweka mkono kwenye silinda nikakuta ni ya moto, nikauliza mbona imewashwa kabla sijafika, wakati mnunuzi anatakiwa aisikie ikiwaka ikiwa baridi. Nikaambiwa, "Tumekupashia, mama, usihangaike." Mlinipashia!

Injini ilininokia, yaani ilikwama, kati ya Mlali na Mgeta. Wanaoijua barabara ile wanajua nasema nini: kona juu ya kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Nilikuwa gia ya pili, napandisha. Kwanza ukaja mlio mkavu wa chuma, halafu nguvu ikakatika, halafu tairi la nyuma likakaza. Aliyezoea pikipiki ya mapigo mawili vidole vyake viwili haviondoki kwenye klachi, nami ndivyo nilivyofundishwa. Nikaibana. Pikipiki ikaserereka ikasimama ikiwa imeelekea korongoni. Asingekuwa mtu wa zamani kwenye mashine hizi, barua hii mngeandikiwa na watu wengine kabisa, na isingekuwa ya malalamiko. Nilishushwa mjini na Fuso la kabichi, kwa malipo.

Narudi pale karakana, maana kuna jambo nililiruka hapo juu kwa kujizuia.

Alipomaliza kuonyesha watu pistoni, nilitoa ule mpira wenye skrubu nikamwekea mbele ya kikombe chake. Hakucheka tena. Kwa hiyo alijua ni kitu gani. Akauchukua, akaichomoa ile skrubu kwa bisibisi iliyokuwa mezani, akaitia mfuko wa ovaroli, akanirudishia mpira mtupu na kusema, "Mpira mzima huu, una tatizo gani?" Mbele ya macho yangu. Mbele ya wateja. Nikamwambia arudishe skrubu yangu. Ndipo aliposema nikamwambie mzee aje, sisi wanaume tutaelewana, na akaongeza kwamba DT si pikipiki ya mama, ningekuja mapema angeniuzia skuta. Yule kijana wa mauzo, yuleyule wa petroli tu, alikuwa amesimama mlangoni akicheka kuliko wote. Dada wa uhasibu aliinamisha uso, na yeye namshukuru. Pistoni ikaviringishwa. Nikainama mbele ya watu wanaolingana na wanangu, nikaiokota, nikaifunga tena kwenye gazeti, na mlinzi wenu akanifungulia geti bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea kuwatoa nje watu wa namna yangu.

Skrubu ibaki naye. Fundi wangu alipiga picha kila kitu kabla ya kuvua: mpira ukiwa umezibwa mahali pake, waya, tanki la oili lililojaa, ile 100 juu ya pistoni, na mikwaruzo upande wa ekzosi. Picha zina tarehe. Zipo kwenye simu yangu na kwenye simu nyingine mbili.

Kwa hiyo lile ombi dogo la mwanzo naliondoa. Nimeandika barua hii hadi hapa na sioni tena kwa nini nirudishe mashine yangu mikononi mwa karakana hiyo. Nataka fedha zangu zote, Sh 4,600,000, pamoja na malipo ya Fuso, malipo ya fundi, na nauli ya kuja kutukanwa na kurudi. Pikipiki mtaifuata wenyewe hapa Morogoro. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na meneja wa karakana kwa jina lake, si muhuri wa kampuni peke yake. Na kabla hamjauza DT nyingine, mfungue kila moja iliyopo yadini mtazame mipira yake, kwa sababu nina shaka kama yangu ndiyo pekee.

Msinionyeshe yale maandishi ya chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea utaalamu wake, na mimi niliwaeleza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo hapohapo Dar es Salaam, hamhitaji hata nauli ya mkoani kwenda kujieleza.

Na sasa risiti. Niliwalipa kupitia benki, hati ya malipo ninayo, inasomeka Sh 4,600,000. Mlichonipa ni karatasi ya mkono iliyoandikwa kwa kalamu, inasomeka Sh 2,900,000. Nilipouliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao, nitatumiwa. Sijatumiwa. TRA, watu wa mapato, wanatuhimiza kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai yadini, nimedai kwa simu, na sasa nadai kwa maandishi. Tofauti ya Sh 1,700,000 kati ya karatasi mbili hizo mtaieleza ninyi, mimi nitazipeleka tu zikiwa zimeambatanishwa. Tukiwa hapo hapo TRA nitaulizia pia kadi ya pikipiki, kwa kuwa uhamisho wa umiliki mliosema mnaushughulikia haujafanyika na pikipiki bado ina jina la mtu nisiyemfahamu.

Nawapa siku 14 tangu siku mtakayosaini kuipokea barua hii. Imetumwa kwa EMS, kwa hiyo tarehe hiyo nitaijua. Simsubiri mtu anipigie kunipoza, na sihitaji kuletewa ofa ya skuta. Fedha ziingie kwenye akaunti ileile iliyowalipa. Siku ya 15 zikiwa hazijaingia, nitapanda basi la alfajiri tena, safari hii nikiwa na fundi na bahasha mbili, na nitapitia yadini kwenu kwanza niwasomee wateja wa kwenye benchi kilichomo.

Mkitaka kuzungumza, namba yangu iko nyuma ya bahasha. Atakayepiga aanze na salamu, na aombe kuongea na mwenye pikipiki.

Wenu,
Mteja,
Morogoro.

Nakala (zitapelekwa siku ya 15):
Tume ya Ushindani, Dar es Salaam
Mamlaka ya Mapato Tanzania