Shukrani kwa mzee wa baiskeli ya kijani

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuuliza, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mimi ndiye uliyenikuta Jumamosi nimekaa kando ya njia, cheni imekatika, simu haishiki mtandao, na mkahawa wa chai niliouwaza tangu alfajiri uko nyuma ya vilima viwili. Kosa lilikuwa langu: nilibadilisha gia katikati ya mpando mkali huku nakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Hukunicheka. Ulitoa kifaa chako kidogo cha kukatia cheni, ukasukuma pini, ukaondoa pingili zilizopinda, ukaunganisha kwa kiungo cha akiba ulichokuwa umekibandika kwa plasta chini ya kiti. (Siku hizi na mimi ninacho, mahali hapohapo.) Kisha ukanionya kwamba cheni sasa ni fupi: nisiiweke kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, nisije nikang'oa kibadilisha gia kizima.

Wala hukuniacha hapo. Ulinitangulia kwenye ule mteremko wa mawe ukipaza sauti, "Kiuno nyuma! Breki kidogo kidogo!" mpaka tukauona moshi wa mkahawa. Niliingia kuagiza vikombe viwili; natoka, naona alama za tairi zako tu kwenye tope.

Chai yako niliinywa mimi, mzee. Ilikuwa tamu. Deni ninalo, na njia ile ninaipita kila Jumamosi.