Waacheni watu waulizane "unakaa wapi"

Mhariri, naomba kanafasi nimjibu yule msomaji aliyewasema vijana eti "unakaa wapi" siyo Kiswahili, kukaa ni kitako, mtu anaishi, halafu akatutuma tukajifunze kwa Waingereza wenye neno lao la heshima "dwell", yaani kuishi mahali. Ndugu yangu hapo ndo umejichanganya.

Hilo neno mwanzo halikuwa na nyumba ndani yake kabisa. Kwenye Kiingereza cha kale dwellan ilikuwa kumpoteza mtu njia, kumdanganya, na lina ndugu yake wa zamani "dwale", jina la mmea wa sumu unaolewesha. Sasa Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia, wakaanza kuhamia kaskazini na mashariki ya Uingereza karne ya 9 wakaja na dvelja yao, maana yake kukawia, maneno yakaingiliana, basi aliyekuwa anapotea akawa anachelewa, aliyechelewa akabaki, aliyebaki akahesabika kwake ni hapo, na kufika karne ya 13 tayari ni makazi. Biblia ya King James ya 1611 imelitumia kweli kweli, ile Zaburi ya 23 mwishoni wao wameweka dwell, sisi tunasoma "nami nitakaa nyumbani mwa BWANA milele", na sijawahi kusikia mchungaji akiuliza ni kukaa kwenye benchi au mkekani.

Siku hizi hata Muingereza mwenyewe akikuuliza kwako wapi anatumia live. Dwell utaikuta kwenye nyimbo za kanisani na, mtashangaa, bandarini, waulizeni wanaoklia mizigo Dar, "dwell time" ni zile siku konteina linakaa pale kabla ya kutoka, yaani kukawia kule kule kwa Waviking mpaka leo kunatozwa storeji!

Na reside je, ile ya kwenye makaratasi ya ofisini? Kilatini, na ndani yake kuna sedere, kukaa kitako. Kwahiyo Warumi nao walikosea? Kwetu mkazi, makao, makazi vyote vimetoka kwenye kukaa, wakati hiyo kuishi anayoitetea tumeipata kwa Waarabu (siikatai, naitumia kila siku). Kama kweli kukaa ni kosa basi asianze na vijana, aanze na serikali ya mtaa wake awaambie wafute neno ukaazi kwenye barua zao, halafu atuandikie hapa walimjibu nini.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam