Barua kwa mdogo wangu: seli inayojikata makusudi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Nifikishie shikamoo kwa wazazi. Uliniuliza kwa nini seli inayotengeneza yai au mbegu ya kiume hukata DNA yake yenyewe, ilhali mkato wa nyuzi zote mbili ni hatari. Nakujibu kirefu, maana swali lako ni zuri mno.

Kromosomu ya baba na ya mama lazima zishikane kabla ya kutenganishwa, na kinachozishika ni kubadilishana vipande. Zisipobadilishana hugawanyika ovyo, na yai linaweza kubeba kromosomu 21 ya ziada. Mkataji ni protini iitwayo SPO11. Katika seli moja ya panya hukata mahali 200 hadi 400, lakini ni mikato ishirini na kitu tu inayoishia kwenye mabadilishano. Mingine yote hushonwa kimyakimya.

SPO11 hubaki imenasa kwenye ncha iliyokatwa. Kundi la protini MRE11, RAD50 na NBS1 huing'oa pamoja na kipande kifupi cha DNA, kisha uzi mmoja hugugunwa na mwenzake kubaki mkia mtupu. Protini RPA huufunika mkia huo usijikunje, halafu protini nyingine, BRCA2, husaidia protini RAD51 na DMC1 kushika nafasi ya RPA.

Hapo ndipo umbo linaposema yote. RAD51 na DMC1 hujipanga kama springi kuuzunguka uzi, takriban molekuli 6 kwa kila mzunguko, kila moja ikishika nyukleotidi (herufi za DNA) 3. DNA hunyooshwa mara moja na nusu ya urefu wake, lakini haivutwi sawasawa: kila tatu hukaa karibu kama kawaida, na mwanya hufunguka kati ya tatu na tatu. Kwa hiyo mwenza, yaani DNA inayofanana nayo kwenye kromosomu nyingine, hutafutwa tatu kwa tatu. DMC1, ambayo ni ya meiosisi (mgawanyiko unaotengeneza yai au mbegu) peke yake, huvumilia kosa ndani ya tatu zaidi kuliko RAD51. Naona inafaa hivyo, kwani DNA ya baba na ya mama hazifanani herufi kwa herufi.

Ukipata nafasi ya kuitengeneza springi hiyo maabara, anza na hesabu. Uzi wa nyukleotidi 96 hujaa molekuli 32. Ukipunguza protini utaacha mapengo, ukizidisha, itagandamana. Tatizo kubwa ni ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli: protini huivunja, na springi husambaratika. Weka kalsiamu badala ya magnesiamu ili uvunjaji upungue, au tumia AMP-PNP, inayofanana na ATP ila haivunjwi kirahisi.

Ili kuitazama springi kwa hadubini ya elektroni, tone la mikrolita 3 lenye springi hizo hufyonzwa kwa karatasi hadi libaki tando la makumi ya nanomita, kisha hutumbukizwa kwenye ethani ya kimiminika ligande haraka. Usitumbukize moja kwa moja kwenye nitrojeni: huchemka na kuizingira sampuli kwa gesi, maji hupoa polepole, na fuwele za barafu huharibu kila kitu. Protini nyingi hulala upande mmoja kwenye tando, ukakosa pande nyingine. Springi hailetei shida hiyo. Hata ikilala, mzunguko wake hukuonyesha pande zote.

Andika tena ukikwama kwenye hesabu ya protini na DNA.

Dada yako