Malalamiko Kuhusu Lenzi ya Milimita 135 Niliyopewa Badala ya 210

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Picha,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: LENZI ISIYO SAHIHI NA LUGHA NILIYOTOLEWA KAUNTANI

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata niliposimama mbele ya kaunta yenu. Kijana wenu aliipokea lenzi niliyoirudisha, akafungua kifuniko, akapangusa kioo cha mbele kwa pindo la shati lake, kisha akanijibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mama, lenzi ni lenzi, ilimradi picha inatoka." Wateja waliokuwepo wakacheka.

Oda niliyoandika kwenye fomu yenu ilikuwa wazi: lenzi ya milimita 210 (urefu wa fokasi, unaoamua lenzi inavuta picha kiasi gani), f/5.6 (upana wa tundu la kupitisha mwanga), katika shata ya Copal namba 1 (kifaa kinachofunguka na kufunga mwanga), kwa kamera ya shiti, yaani vipande bapa vya filamu, za inchi 4 kwa 5. Namba hiyo sikuiokota njiani. Kazi kubwa ya studio yangu ni sura za watu, na lenzi ya 210 inaniwezesha kusimama mbali kidogo na ninayempiga, pua yake isivimbe na masikio yasirudi nyuma. Tena duara lake la picha, yaani duara la mwanga ambalo lenzi hutupa juu ya filamu, ni pana, hivyo naweza kuipandisha au kuiteremsha lenzi bila pembe za shiti kuingia giza. Ninyi mlinifungia kwenye boksi lenzi ya milimita 135, ya vioo vinne, ambayo duara lake linafunika kwa shida ulalo wa shiti kutoka pembe hadi pembe, takribani milimita 160, tena ikiwa imekaa katikati kabisa. Shata yake ni namba 0, inayotaka tundu la karibu milimita 35, ilhali ubao wangu wa kushikia lenzi kwenye kamera umetobolewa milimita 42 kwa ajili ya namba 1. Mtu yeyote anayeuza vifaa hivi angeliona hilo kwa macho, bila hata rula.

Familia iliyokuwa imeweka miadi nami ilikuwa tayari imevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe, bibi na babu wakiwa na wajukuu wao. Nilimlipa fundi anichongee ubao mwingine upesi, nikaifunga lenzi yenu. Nilipoipandisha kidogo tu ili waliosimama nyuma wasikatwe vichwa, pembe mbili za picha zilitoka nyeusi. Wazee wale wameondoka bila picha waliyoifuata.

Narudia suala la kaunta kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nakala ya oda ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka mbele ya kijana huyo nikimwonyesha palipoandikwa 210, naye hakuinamisha hata macho kuisoma. Alishika kioo kwa vidole vitupu, akakisugua kwa pindo lenye jasho, michirizi ikabaki kwenye kioo nikiitazama, na binti ninayemfundisha kazi amesimama kando yangu akisikia mwalimu wake akiambiwa kuwa lenzi ni lenzi. Kisha akanirudishia na kusema bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Naomba mnipatie lenzi niliyoagiza, au mnirudishie fedha zangu zote. Aidha, mnilipe gharama ya ubao wa fundi na shiti za filamu zilizoharibika. Na kwa kuwa familia ile italazimika kuvuka tena, nauli yao ya kuja na kurudi iwe juu yenu, si juu yangu wala yao. Zaidi ya hayo, nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yako na ya kijana huyo, ambayo nitamsomea binti yule.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na risiti yenu imeandikwa 210. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 7, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na risiti, fomu ya oda na picha yenye pembe nyeusi, na baada ya hapo tutaonana mahakamani, ambako madai yangu yatajumuisha kila kazi niliyoikosa kwa sababu ya lenzi hii.

Wako,
Mwenye studio, Kirumba